Chungu, Mugeta, Mara

Maelezo ya picha yalikuwa maneno matatu tu: "Chungu, Mugeta, Mara." Niliyaandika mimi, nikiwa nimekaa kwenye gesti pale Bunda, simu iko kwenye chaji, nikijiona nimefanya kazi. Picha yenyewe ilikuwa nzuri. Chungu kilikaa juu ya majani makavu, mdomoni bado kina majivu, na nyuma yake ilionekana mikono ya bibi aliyekifinyanga, kuanzia viwiko kushuka chini. Uso wake nilikuwa nimeukata ili chungu kionekane vizuri.

Nilirudi Mugeta baada ya miezi minane. Mjukuu wake, binti wa kidato cha nne, alikuwa ameshaiona ile picha mtandaoni. Akamwonyesha bibi yake kwenye simu na kumsomea maelezo. Bibi alitazama kwa muda, akaomba asomewe tena, kisha akaniambia kwa upole kabisa: "Kumbe siku hizi Mugeta nayo inafinyanga."

Tulicheka wote watatu. Mimi nilicheka kidogo kuliko wao.

Makala hii imetokana na kicheko kile. Vijana wengi wa rika langu tumeingia kwenye kazi ya kuhifadhi sanaa na ufundi wa jadi. Tuna simu zenye kamera nzuri, tuna kurasa za kupakia picha, na tuna hofu ya kweli kwamba wazee wanaondoka na vitu vyao. Hofu hiyo siidharau, ndiyo iliyonipandisha bodaboda kutoka Nyamuswa hadi Mugeta. Lakini nataka kuuliza swali moja juu ya kazi hizi, ya kwangu ikiwa ya kwanza: tukiandika chini ya kitu kwamba ni cha Waikizu, ni cha Wakurya, ni cha Mara, tumehifadhi nini hasa?

Mazoea haya hayakuanza na simu. Desemba 1962, Mwalimu Nyerere, mtu wa Butiama, jirani kabisa na Mugeta, alipokuwa Rais alitangaza wizara mpya ya utamaduni wa taifa na vijana. Ulikuwa uamuzi wa kurudisha heshima. Ukoloni ulikuwa umewafanya wasomi wetu waone fahari kucheza dansi za Kizungu na kuona haya kucheza ngoma za kwao. Katika muongo ule ule likaundwa kundi la taifa la ngoma. Ngoma zikachukuliwa vijijini, zikafupishwa, zikapangwa zitoshe jukwaa, na kila moja ikatambulishwa kwa kabila lake: sindimba ya Wamakonde, bugobogobo ya Wasukuma. Kwa taifa changa hilo lilikuwa na maana. Kila kabila lilileta zawadi yake mezani. Tatizo ni kwamba kwenye zawadi hizo hapakuwa na nafasi ya jina la mtu.

Hadi leo ndivyo tunavyotambulishana. Mzee akipanda jukwaani na litungu la Kikurya, lile lenye nyuzi nane na sauti nzito inayogonga kifuani, mshereheshaji anasema, "Litungu kutoka Mara!" Watu wanapiga makofi. Nani alilichonga, nani alimfundisha mzee kukaza nyuzi, kwa nini linalia tofauti na la kijiji cha pili, hakuna anayeuliza, kwa sababu tumeshajibiwa. Mara imepiga litungu, kama Mugeta ilivyofinyanga chungu.

Kuna anayeweza kusema dawa ni nyepesi: andika majina. Sioni kama ni nyepesi hivyo. Edward Saidi Tingatinga alikufa mwaka 1972, na jina lake halikupotea. Liliendelea kukua hadi likawa jina la mtindo mzima, na mamia ya wachoraji waliokuja nyuma yake wanauza picha zao chini ya jina la marehemu. Kwa hiyo kabila linaweza kumficha fundi, na jina la fundi mmoja maarufu nalo linaweza kuwaficha wenzake. Ukweli huo haunifanyi niache kuandika majina. Unanifanya niulize jina linafanya kazi gani likishaandikwa.

Kazi mojawapo niliiona katika habari ya Hugh Tracey. Mwingereza huyu alizunguka Afrika Mashariki mwaka 1950 akiwa na mitambo ya kurekodi, na kanda zake zikaingia katika maktaba ya muziki wa Afrika aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Tunaweza kumlaumu kwa mengi. Alikuja na kuondoka ndani ya mfumo wa kikoloni, na sauti alizochukua zilisikilizwa Ulaya na Marekani miaka mingi kabla ya kusikika tena zilikotoka. Miongoni mwazo ni wimbo wa wasichana wa Kipsigis, "Chemirocha", uliorekodiwa Kapkatet, Kenya, ambao jina lake linatokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji Mmarekani aliyewafikia kupitia santuri. Lakini Tracey alikuwa na tabia moja ambayo mimi na simu yangu hatukuwa nayo: aliandika majina. Kwenye lebo ya wimbo ule yupo Chemutoi Ketienya. Mwaka 2014 maktaba ile, pamoja na mradi wa Singing Wells, ilirudisha nakala za rekodi zile kwa Wakipsigis, na angalau mzee mmoja aliyerekodiwa mwaka 1950 alikutwa yu hai. Majina na mahali yaliyoandikwa miaka 64 kabla ndiyo yaliyokuwa njia ya kurudia. Kama kadi zingeandikwa "Wimbo, Wakipsigis, Kenya", wangemrudishia nani?

Nikapima maelezo yangu kwa kipimo hicho. "Chungu, Mugeta, Mara." Mtu akitaka kumrudishia chochote bibi yule miaka 64 ijayo, hana pa kuanzia.

Kwa upande wa Mara yenyewe, kazi ya uwandani ninayoiheshimu kuliko zote ni ya mwanahistoria Jan Bender Shetler, aliyefanya utafiti katika vijiji hivi miaka ya 1990. Mwaka 2003 alitoa kitabu *Telling Our Own Stories*, mkusanyo wa historia zilizoandikwa na wenyeji wa Mara Kusini. Uzito wa kitabu hicho uko katika uamuzi wake wa kwanza: mwenyeji hahojiwi tu na kugeuzwa "mtoa habari", anahesabiwa kuwa mwandishi, na maandishi yake yanachapishwa kama maandishi. Kijana wa Ikizu akikisoma anakutana na wazee wake wakibishana juu ya mambo yao wenyewe.

Lakini kisome ukiwa na chungu mkononi uone. Wanaoandika ni wanaume. Maswali yao ni ya koo, uhamaji, marika, watemi, vita na njaa. Anayefinyanga hana pa kuingilia, kwa kuwa historia inayosimulia kabila lilivyotoka na lilivyofika haimwoni mtu anayeingia kijijini kwa kuolewa. Shetler mwenyewe alilirudia jambo hili. Katika *Claiming Civic Virtue* cha mwaka 2019 anaonyesha kwamba wanaume wa Mara wamebeba zaidi kumbukumbu za kabila, na wanawake wamebeba kumbukumbu za mitandao: nani ameolewa wapi, nani ni rafiki wa nani ng'ambo ya mpaka wa kabila, nani alimpokea nani wakati wa njaa. Nilipokisoma ndipo nilipoelewa kwamba lebo yangu ilikuwa na kosa kubwa kuliko kukosa jina. Ufinyanzi hausafiri kwa njia ya kabila. Husafiri kwa njia ya wanawake.

Ile safari ya pili, basi, nilimuuliza bibi swali ambalo safari ya kwanza sikulifikiria kabisa: nani alikufundisha?

Alijibu huku akiendelea na kazi. Alizaliwa Uzanaki, upande wa Butiama, kwa watu wasiofinyanga. Alipoolewa Ikizu alimkuta mama mkwe wake anafinyanga, naye huyo alitokea Usukuma na alijifunza kwa shangazi yake. "Sasa hiki chungu utakiita cha nani?" akaniuliza. Akanionyesha mchoro unaozunguka shingo ya chungu, ule unaopigwa kwa kuviringisha kamba ndogo ya majani yaliyosokotwa juu ya udongo mbichi. Msokoto huo ni wa mama mkwe. Tumbo la chungu, lililo pana kidogo kuliko alivyofundishwa, ni lake mwenyewe, kwa sababu wateja wake wengi walitaka mtungi wa kupozea maji na si chungu cha kupikia.

Wanaolijua simulizi kuu la Ikizu hawatashangaa. Utemi wa Ikizu unasimuliwa kuanzia kwa Nyakinywa, mwanamke aliyetoka Kanadi, Usukuma, akiwa na elimu ya mvua, akakutana na Isamongo. Yaani Waikizu wenyewe wanasema kwamba kitu chao kikubwa kililetwa na mwanamke mgeni. Ni sisi wakusanyaji tunaotaka kila kitu kiwe kimeota pale pale tulipokipigia picha.

Siku ile nilimfuata hadi kwenye kuchoma. Udongo ulichimbwa bondeni, ukakaushwa, ukatwangwa, ukachanganywa na unga wa vigae vya vyungu vilivyovunjika, ili usipasuke motoni. Vyungu vinane vilikaa kivulini zaidi ya wiki. Jioni vilipangwa chini, vikafunikwa kwa kuni, mavi makavu ya ng'ombe na nyasi. Asubuhi alivigonga kimoja kimoja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Sita vililia vizuri. Viwili vilitoa sauti butu. Akavitenga bila kusema neno, na mjukuu wake akavibeba kwenda kuvivunja. Vitarudi kwenye udongo wa safari ijayo. Picha yangu ya mwanzo, pamoja na uzuri wake wote, haikuwa na mlio ule wala vile viwili, na bila hivyo huwezi kujua kwamba anachouza bibi yule ni sikio lake pia.

Nikadhani sasa nimepata. Nikatoa daftari, nikamwambia nitarekebisha maelezo mtandaoni na kuweka jina lake kamili. Nilitegemea afurahi.

"Ngoja kwanza," akasema. Akamtuma mjukuu maji.

Binti alipoondoka, alinieleza. Katika jamii kadhaa za Mara, wahunzi na wafinyanzi walihesabiwa kundi la pekee. Mume alifua chuma, mke alifinyanga, na watu wengine walikwepa kuoana nao. Yeye hakuzaliwa huko, lakini aliolewa huko. Mambo hayo yamepungua sana, siku hizi wengi wanayacheka. Ila wapo wazee wasiocheka, na mjukuu wake mkubwa, dada wa huyu, alikuwa ameletewa barua ya uchumba. "Ukiandika jina langu na kazi hii pamoja, mjukuu wangu, umeandika ukoo. Na hiyo simu inasomwa hadi na watu tusiowajua. Acha harusi ipite, nikuambie mwenyewe."

Sikuwa na jibu. Makala niliyokuwa nimeshaiandika kichwani, ya kuwatetea mafundi wasiotajwa majina, ilikuwa inakaribia kumtaja fundi kwa nguvu. Ningemkosea mara ya pili, safari hii kwa nia njema.

Kwa hiyo simalizi na kauli ya "tuandike majina", ingawa Tracey amenionyesha kwamba bila majina hakuna marejesho. Ninachosema ni kwamba maelezo ya kitu ni mali ya aliyekitengeneza kama kitu chenyewe kilivyo, na kazi yetu ya uwandani huanza pale tunapomuuliza anataka yasemeje. Wapo watakaotaka jina lao liandikwe kubwa. Wapo watakaotaka la mwalimu wao litangulie. Wapo watakaosema ngoja. Kumngoja mtu kunachosha, na hakuna mfadhili anayelipia miezi ya kungoja harusi ya mtu. Lakini jalada lililojengwa kwa haraka linatuachia tulichonacho sasa: vyungu vilivyofinyangwa na vijiji, na ngoma zilizopigwa na mikoa.

Nilipofika Bunda nilisafisha picha mbili na kumpelekea. Moja ni ile ya zamani, nyingine inamwonyesha mzima, uso na mikono, akigonga chungu kwa kidole. Nyuma ya hiyo ya pili niliandika alivyonitamkia: jina lake, jina la mama mkwe wake, kwao huyo mama mkwe, bonde lilikotoka udongo, na kwamba siku ile viwili kati ya vinane vilikataa. Akataka iachwe nafasi ya mstari mmoja chini. Sikuuliza ya nini. Mjukuu alikuwa amesimama hapo, vidole vina udongo, anajifanya hasikii.

Mtandaoni nimefuta maneno yangu matatu. Sasa yanasomeka hivi: "Mtungi wa maji. Aliyeufinyanga anajulikana, na jina lake liko kwake. Alifundishwa na mama mkwe wake." Tarehe ya harusi nimeiandika kwenye daftari.