Hodi ya Mdadisi

Mdadisi wa takwimu za afya wa Ifakara, Tanzania, hapigi hodi na kuingia papo hapo. Husimama nje ya ua mpaka aitikiwe, akaamkia, akaulizia mvua na mpunga, ndipo afungue daftari. Jina kwa jina anauliza: huyu yupo? Yule amehama? Kuna aliyezaliwa? Kisha sauti inashuka: kuna aliyetutoka? Enzi za mwanzo alirudi kila baada ya miezi minne, mlango uleule na maswali yaleyale. Kazi hiyo ilianza kwa sensa ya mwaka 1996 katika vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, nami nauita ufundi kamili.

Tazama anavyoisaka tarehe moja tu ya kuzaliwa. Kadi ya kliniki imelowa, wino umefutika. Mama anakumbuka kwamba alikuwa bado kule shamba, mpunga ndio kwanza unachanua. Ilikuwa kabla ya Ramadhani au baada? Mtoto wa jirani alikuwa ameshazaliwa? Mdadisi hamharakishi. Anajua kwamba umri ukikosewa kwa miezi michache nyumba hii, na ile, na ile ya pili yake, hesabu ya vifo vya watoto itapinda, na hakuna kompyuta itakayoinyoosha.

Daftari hilo ni la wengi. Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama kutoka Uswisi, alipofika Ifakara mwaka 1949, alipanda mbegu ya taasisi ambayo leo inakutanisha fani ambazo kwingine hazisalimiani. Mtaalamu wa wadudu hutundika mtego wa taa kando ya kitanda jioni; asubuhi huwachambua mbu mmoja mmoja, anofelesi huku, wengine kule. Yupo mtakwimu, yupo daktari, yupo mchumi wa afya.

Lakini ninaowavulia kofia zaidi ni wanaanthropolojia, waliokaa na wazazi wakalisikiliza neno moja: degedege. Kwa daktari, mtoto aliyekakamaa na kutetemeka kwa homa huenda ana malaria kali. Kwa wazazi wengi wa wakati ule, homa ilikuwa ya hospitali, degedege la mganga, na wapo walioogopa kwamba sindano ingemmaliza mtoto. Dodoso linalouliza malaria tu lingempita mtoto huyo bila kumwona. Neno hilo halikupatikana maabara. Lilipatikana kwa kukaa kwenye mkeka na kunyamaza.

Mwaka 1997, huko huko Kilombero na Ulanga, mradi wa KINET ulianza kuuza vyandarua na dawa ya kuvitia, kwa jina la Zuia Mbu. Wadadisi wakaendelea na hodi zao. Watoto waliofariki walilinganishwa na waliokuwa hai: nani alilala ndani ya chandarua chenye dawa, nani hakulala. Majibu yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2001: chandarua chenye dawa kiliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Naiamini namba hiyo kwa sababu najua ilikotoka.

Chandarua hakikuishia Kilombero na Ulanga. Mwaka 2004 Tanzania ilianzisha Hati Punguzo: mama mjamzito alipewa hati kliniki, akaenda nayo dukani, akarudi nyumbani na chandarua kwa bei nafuu.