Pumbao na Mazoea: Kumbukumbu ya Raha katika Utendi wa Mwana Kupona

Utendi wa Mwana Kupona umehakikiwa kwa muda mrefu kana kwamba ni kanuni za unyumba zilizotiwa vina. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934, waliupa anwani ya Kiingereza iliyoutangaza kuwa shauri juu ya wajibu wa mke, na tangu hapo mjadala umezunguka papo hapo. Wapo wanaousifu kwa kuhifadhi adabu za waungwana wa Lamu, na wapo wanaoulaumu kwa kumfunza mwanamke unyenyekevu uliopita kiasi. Ann Biersteker, katika makala yake ya 1991, alijaribu kuukwamua kwa kupendekeza kuwa baadhi ya nasaha hizo huenda zina kinaya ndani yake. Hata hivyo, pande zote hizi huanzia pamoja: kwamba kiini cha utendi ni amri. Rai inayotetewa hapa ni kwamba kiini chake ni kumbukumbu, na kwamba amri ni vazi tu ambalo kumbukumbu hiyo imevishwa ili ipate kumfaa mtu mwingine.

Hali ya utunzi wenyewe inaelekeza huko. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, akiwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, aliyefariki miaka miwili hivi kabla ya hapo. Alikuwa mgonjwa, na yapata mwaka 1860 naye aliaga dunia. Katika beti za mwanzo anamwita bintiye, Mwana Hashima, amsogelee na wino na karatasi, akimweleza kuwa maradhi yamemkalia mwaka mzima. Anachotaka kumwachia anakiita kwanza hirizi, kisha kidani cha lulu na marijani. Wahakiki hupita hapa haraka, wakidhani ni mapambo ya kawaida ya dibaji. Lakini hirizi na kidani si kitu kimoja. Hirizi hukinga na shari. Kidani huvaliwa na mtu anayetarajia siku njema. Mama aliye kitandani, asiyejua kama atapona, anamtungia mwanawe kitu cha kuvaliwa katika furaha.

Beti zinazobeba uzito wote wa hoja hii zinakuja baadaye, nasaha za ndoa zikisha kutolewa. Hapo msemaji anaacha kuagiza, anaanza kusimulia. Anamweleza binti jinsi alivyoishi na baba yake: kwa furaha na kicheko, pasi na mmoja kumvunjia mwenziwe heshima, pasi na kutetana hata siku moja, hadi mauti yalipomjia mume, naye akamkaririria mkewe radhi zake. Kisha, bila kujizuia, anakiri kwamba tangu siku hiyo kilio chake hakijanyamaa kila anapokumbuka pumbao na wingi wa mazoea.

Maneno hayo mawili yanastahili kutuliwa. Pumbao ni lile linaloliwaza na kuchangamsha moyo, nalo hupita. Mazoea ni kinyume chake: ni jambo lililorudiwa hata likawa tabia. Kwa kuyaweka pamoja, Mwana Kupona anafichua kuwa raha anayoikumbuka haikuwa tukio moja kubwa, bali mwenendo wa kila siku. Ukitoka hapo ukarejea kwenye nasaha zilizotangulia, sauti yake inabadilika. Mume alalapo asiamshwe kwa kelele, apepewe, aamkapo akute chakula, asingwe na kuogeshwa, afukizwe asubuhi na jioni. Mhakiki anayetafuta amri ataona utumwa. Lakini undani huu hautoki katika fikihi, ambayo haijui kitu juu ya ukimya wa chumba cha mtu aliyelala. Unatoka kwa mtu aliyekuwa ameketi humo. Kila agizo ni jambo lililowahi kutendwa, likasimuliwa kwa kauli ya agizo kwa sababu aliyelitenda hana tena wa kumtendea.

Hapa ndipo kumbukumbu inapogeuka kuwa tumaini. Kumbukumbu ya tukio huishia katika majonzi, maadamu tukio halirudi. Kumbukumbu ya mazoea inaweza kurithishwa, kwa kuwa mazoea huigwa. Tofauti hii inaonekana wazi zaidi pembeni mwa Al-Inkishafi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir naye anaikumbuka raha, taa za Pate na majumba yaliyojaa watu, lakini anaikumbuka ili auzindue moyo wake uachane na dunia; popo na buibui wanaokaa katika magofu hayo wamekwisha kutoa hukumu. Raha ya Pate ilikuwa katika vitu, na vitu vimevunjika.

Si haki, hata hivyo, kuisifu kumbukumbu ya Mwana Kupona bila ya kuuliza imeacha nini. Bwana Mataka alitumia miaka mingi akipambana na majeshi ya Sultani wa Zanzibar. Katika utendi hakuna bunduki wala maiti. Nyumba inayokumbukwa ni ya kiungwana, na binti anaonywa asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Ni nani aliyeteka maji ya kuogea, na yeye anakumbuka nini? Utendi haujibu. Ukimya kuhusu vita unaweza kutetewa: mgonjwa anachagua kinachoweza kumsaidia mtoto. Ukimya kuhusu watumwa hauna utetezi wa namna hiyo, na msomaji wa leo hana budi kuipokea faraja ya utendi huku akijua ilijengwa juu ya mabega ya nani.

Karibu karne moja baadaye Shaaban Robert, naye akiwa amefiwa na mkewe, alimtungia bintiye Utenzi wa Hati. Athari ya Mwana Kupona imetajwa mara nyingi, aghalabu kwa upande wa maadili. Kilichorithiwa zaidi ni mpango wa hisia: mzazi mjane, mtoto mbele yake, na wosia unaoshika nafasi ya yule asiyekuwapo.

Kuhusu Mwana Kupona mwenyewe, baada ya kilio hicho hamrudii binti kwa amri mpya. Anamgeukia Mungu na kuomba: awatunze watoto wake na ndugu zake, na yeye amwondolee maradhi. Aliyekuwa akiaga anaomba kuishi. Na kabla ya kuandika tarehe anawataka wanawake wote wausome utendi huu, sio Mwana Hashima peke yake.