Leseni Kumi na Mbili, Tarehe Moja

Leseni za mawakala wa forodha katika Jumuiya ya Afrika Mashariki huisha zote siku moja, tarehe 31 Desemba. Wakala wa Busia au Malaba, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, hahitaji kukumbushwa, maana asiyehuisha yake hana ruhusa ya kuwasilisha hati za mteja mwaka mpya unapoanza, na lori lisilo na hati ni lori lililolala. Katika ofisi hizohizo kuna leseni nyingine inayopewa heshima ndogo sana: leseni ya antivirusi. Hiyo hununuliwa kijisanduku kimojakimoja, dukani au kwa fundi, siku ambayo kompyuta mpya imefika au ya zamani imeanza kusumbua, kisha husahaulika. Ninachodai hapa ni kwamba kinga za kompyuta za biashara huharibikia kwenye hesabu. Programu yenyewe mara nyingi huwa nzuri. Ila mwenye ofisi hajui ana mashine ngapi, zipi zimekingwa, na kinga ya ipi iliisha lini.

Zamani uzembe huo ulikuwa na gharama ndogo. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Busia tarehe 24 Februari 2018 na Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, lori linalotoka Kenya huvuka na kukaguliwa mara moja tu, upande wa Uganda. Kasi hiyo inategemea hati kutangulia mzigo. Tamko la forodha hutumwa kwenye mfumo kabla lori halijafika, vibali vya Kenya huombwa kwa mtandao, na ng'ambo ya pili Mamlaka ya Mapato ya Uganda inatumia ASYCUDA World. Kompyuta ya karani sasa ndiyo dirisha la forodha. Ikivamiwa na kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia, dirisha hilo limefungwa.

Tuchukue mfano wa ofisi yenye kompyuta kumi na mbili. Vijisanduku vilivyonunuliwa kwa nyakati tofauti huleta tarehe kumi na mbili za kuisha, na hakuna karani anayezishika zote kichwani. Leseni ikiisha, kompyuta haizimiki; programu nyingi huendelea kuonyesha alama yake pembeni mwa skrini huku orodha yake ya virusi ikibaki kama ilivyokuwa siku ya mwisho ya malipo. Hapo ndipo penye mtego. Windows ina kinga yake, Microsoft Defender, lakini hiyo hujiweka kando pale antivirusi nyingine inapojiandikisha kwenye mfumo, na kama ile nyingine bado inajitangaza kuwa iko kazini, Defender hairudi. Mashine iliyolipiwa mwaka juzi yaweza basi kuwa na ulinzi hafifu kuliko ile ambayo haikulipiwa kamwe. Kisha yapo makosa ya hesabu yenyewe. Fundi akipiga Windows upya, mashine ileile huweza kuandikishwa mara ya pili na kula nafasi mbili za leseni. Akinakili diski moja kwenye kompyuta tano bila kufuta utambulisho wake, zote tano huweza kuonekana kama moja. Laptopu ya karani aliyeacha kazi inaendelea kushika nafasi, na mashine mpya ya mapokezi inangoja. Risiti inasema kumi na mbili, na kweli ni kumi na mbili, ila sizo zile zilizomo ofisini.

Kwamba mashine moja yatosha kuangusha nyingi, ushahidi mzito ni wa tarehe 27 Juni 2017. Wavamizi walikuwa wameingia kwenye seva za M.E.Doc, programu ya kodi inayotumiwa na kampuni nyingi nchini Ukraine, wakapandikiza kirusi ndani ya sasisho lake. Kirusi hicho, NotPetya, kiliikumba Maersk, kampuni ya meli ambayo makontena yake yanajulikana vizuri katika foleni ya Malaba. Uchunguzi wa kihabari uliochapishwa mwaka 2018 ulitaja kompyuta moja ya ofisi ya Odesa, iliyowekewa programu hiyo, kuwa ndiyo mlango. Mwenyekiti wa Maersk wakati huo, Jim Hagemann Snabe, alieleza Davos Januari 2018 kwamba iliwabidi kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 katika siku kumi. Walipotafuta nakala nzima ya orodha kuu ya mtandao wao, waliipata moja tu, Ghana, iliyosalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. (Ni mara chache kukatika kwa umeme kupewa shukrani.) Watu wa Budalang'i hawahitaji kufundishwa hili: tuta la mto Nzoia likitoboka mahali pamoja, maji hayaulizi urefu wa tuta lililobaki.

Msomaji makini atauliza kama antivirusi yenye leseni hai ingeizuia NotPetya. Asubuhi ile, kwa sehemu kubwa, hapana. Orodha za virusi zilikuwa bado hazijaijua. Microsoft ilikuwa imetoa kiraka cha Windows tangu Machi 2017, na hata kiraka hicho hakikutosha, kwa kuwa kirusi kiliiba pia nywila zilizokuwa kwenye kumbukumbu ya mashine na kuzitumia kuingia kwenye nyingine zilizokwisha kuwekewa kiraka. Naikubali hoja hiyo, lakini haiangushi ya kwangu. Daftari linaloonyesha leseni ya kila mashine ndilo hilohilo linaloonyesha ipi haina viraka, na ipi bado inatumia Windows 10, ambayo msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Dawa yake mawakala wanaijua tayari, kwa kuwa leseni yao ya forodha inaendeshwa hivyo. Ofisi inanunua leseni moja ya biashara yenye nafasi za kutosha, inazileta zote kwenye tarehe moja, na kuzitazama kutoka skrini moja. Tarehe hiyo isiwe 31 Desemba, wakati fedha zote zinaitwa na leseni ya forodha. Mwisho wa Novemba unafaa zaidi. Mashine ikifa, ikiibwa au ikiuzwa, nafasi yake inafutwa siku hiyo. Jambo la bando nalo lina uzito wake, kwa maana karani anayelipia intaneti kwa vipimo huzima masasisho ili kuokoa data. Programu kadhaa za biashara huruhusu mashine moja ipakue sasisho kisha izigawie nyingine ndani ya ofisi, na hapo kisingizio cha bando kinaisha.

Wapo watakaosema Defender ni ya bure, leseni ya nini? Ofisi ya kompyuta tatu inaweza kuitegemea bila aibu, mradi mtu azikague. Lakini Defender ya bure haimwambii mwenye ofisi ni mashine ipi kati ya kumi na mbili haijasasishwa tangu Pasaka. Microsoft wenyewe huuza Defender for Business, kwa kampuni zisizozidi watumiaji 300, na sehemu kubwa ya kinacholipiwa ni huko kuziona mashine zote pamoja. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la tarehe 19 Julai 2024, pale sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya kinga za kompyuta, lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani. Kinga inayosimamiwa mahali pamoja huweza kuangukia pamoja. Hilo ni kweli, na jawabu lake ni kuweka kompyuta moja ya akiba yenye kinga ya kampuni tofauti, iandikwe nayo daftarini. Jina la kampuni liandikwe pia, si tarehe tu: wateja wa antivirusi ya Kaspersky nchini Marekani walikatiwa masasisho na serikali yao tarehe 29 Septemba 2024, wengine wakiwa bado na miezi waliyokwisha kuilipia.

Mawakala hushika PIN za KRA, namba za vitambulisho na ankara za watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mwenye ofisi saa 72 kumjulisha Kamishna wa Data tangu agundue kwamba data hizo zimevuja na kuna hatari ya kweli kwa wenyewe. Asiyejua mashine zake atatumia saa ngapi kati ya hizo kuzitafuta? Basi wakala anayesoma haya na aanze kesho asubuhi, kabla foleni haijaanza, kwa kalamu na daftari: azihesabu kompyuta zake, pamoja na ile laptopu iliyoko nyumbani kwa karani.