Msumari wa mtu mzima katika paja la mtoto
Kupitisha msumari mgumu wa mtu mzima kwenye kishimo cha pirifomi, kilicho juu ya mfupa wa paja (fupaja), cha mtoto anayekua ni kosa, hata picha ya eksirei ikipendeza namna gani. Fupaja hunyooka, mtoto wa Bondo, magharibi mwa Kenya, aliyeanguka mwembeni au kugongwa na bodaboda hurudi kutoka Kisumu kwa magongo, na wodi huridhika. Madhara huja baadaye.

Chanzo cha madhara hayo ni damu. Kichwa cha fupaja hulishwa hasa na ateri ya ndani inayolizunguka fupaja, na matawi yake hupanda shingoni mwa mfupa karibu kabisa na kishimo hicho. Maadamu bamba la ukuaji halijafunga, damu ya upande wa pili wa bamba hilo haivuki kuja kuokoa. Matawi hayo yakijeruhiwa, kichwa huweza kufa na kuporomoka. Paja lililovunjika lingepona. Nyonga iliyokufa haiponi. Mwongozo wa chama cha madaktari wa mifupa wa Marekani wa 2009 uliiondoa kabisa njia hii katika orodha ya matibabu ya watoto. Kuingilia gotini nako hakufai, kwa kuwa bamba la ukuaji la chini huchangia takriban asilimia 70 ya urefu wa fupaja.

Utetezi ni uleule wa siku zote: vifaa. Msumari wa SIGN, kazi ya Lewis Zirkle wa Marekani, hufungwa skrubu bila eksirei ya chumba cha upasuaji, na umewatoa watu wazima wengi katika majuma ya kuvutwa mguu kwa uzito. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini chuma kilichopo kabatini hakichagui mgonjwa; daktari ndiye anayechagua.

Wakongwe wa Nancy, Ufaransa, walichagua vizuri. Mwaka 1988 Ligier, Métaizeau, Prévot na Lascombes walitoa matokeo ya mapaja 123 yaliyotibiwa kwa misumari inayopinda. Miwili huingizwa juu kidogo ya bamba la chini, mmoja kila upande, na kila mmoja huwa na unene wa karibu asilimia 40 ya uwazi wa mfupa. Ndani hukaa kama pinde mbili zinazosukumana, na mwendo mdogo unaobaki huchochea mfupa mpya. Hufaa zaidi miaka 5 hadi 11, uzito usiozidi kilo 50 na mvunjiko wa kukingama. Stadi hiyo, ya kuheshimu ukuaji kabla ya unyoofu, ndiyo inayokosekana leo.

Njia nyingine zina nafasi zake. Chini ya miezi 6 hutosha mikanda ya Pavlik. Hadi miaka 5, plasta ya kiuno na mguu. Bamba la chuma chini ya misuli hufaa mfupa uliosagika. Vyuma vya nje hufaa vidonda wazi, ingawa mashimo yake huweza kutunga usaha. Baada ya miaka 11 msumari mgumu huruhusiwa, ukiingia ubavuni mwa trokanta kubwa.

Kabla ya safari ya Bondo hadi Kisumu kupitia Kisian, mguu hufungwa gango la Thomas, lililobuniwa na Hugh Owen Thomas wa Liverpool katika karne ya 19. Baada ya upasuaji, urefu wa miguu hupimwa kila ziara, kwani paja lililovunjika huweza kurefuka sentimita 1 hadi 2. Aliyepitishiwa msumari kishimoni hupigwa eksirei ya nyonga pia, hata kama hana maumivu.