Hongera, Freretown

Chuo Kikuu cha St. Paul's kikitajwa, wengi hufikiria Limuru na baridi yake. Lakini chuo hicho cha uchungaji kilikuwa kwetu Freretown, Kisauni, kabla ya kuhamishiwa bara mwaka 1930. Pongezi zangu ni za hapa kilipolelewa.

Freretown ilianzishwa na wamisionari wa CMS mwaka 1875, ikapewa jina la Sir Bartle Frere. Ilikuwa makao ya watu waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, wakiwamo watoto wasiojua baba wala mama yuko wapi. Kwa mtoto wa namna hiyo bweni halikuwa mahali pa kulala tu. Aliolala nao na kula nao sahani moja ndio waliokuwa ukoo wake.

Na hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mtu wa kuiga. William Jones na Ishmael Semler, watumwa wa zamani waliosomeshwa Nasik huko India, walipewa ushemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huohuo Hannington aliuawa Busoga akielekea Buganda, na Jones ndiye aliyewarudisha pwani wapagazi waliosalia. Safari ile peke yake ingetosha kumpa heshima!

Kengele ya Freretown ingali pale Kengeleni, kando ya barabara ya matatu. Ilikuwa ikigongwa kuwaonya watu dhidi ya wateka watumwa. Naomba pawekwe na kibao cha chuo, chenye majina ya Jones na Semler kwa herufi kubwa.