Mwindaji Mgeni na Lugha ya Wenyeji

Neno "safari" ni mali ya Kiswahili. Asili yake ni Kiarabu, lakini lilikomaa katika vinywa vya wapagazi na wafanya biashara waliokwenda bara na kurudi pwani, na maana yake kwetu ni mwendo wowote wa mbali, uwe wa kwenda kuoa, kuzika, kuchuma au kuhiji. Katika karne ya 19 wageni walilichukua wakalitia katika Kiingereza, na huko maana yake ikafinywa: ikawa ni kwenda Afrika kuwinda au kutazama wanyama wakubwa. Katika insha hii ninakusudia kuchambua kitabu kimoja kilichosaidia kulieneza neno hilo kwa maana yake finyu, nacho ni Green Hills of Africa, yaani Vilima vya Kijani vya Afrika, cha Mmarekani Ernest Hemingway, kilichochapishwa mwaka 1935. Swali langu ni hili: je, mwandishi ajaye ugenini kuwinda kwa mara ya kwanza aweza kusema kweli juu ya watu ambao hawezi kuzungumza nao?

Hemingway hakuwa wa kwanza kushika njia hiyo. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alishuka Mombasa pamoja na mwanawe Kermit, kwa kazi ya kukusanya wanyama wa makumbusho ya Smithsonian. Kitabu alichokitoa mwaka 1910, African Game Trails, kina orodha ya wanyama walioangushwa na baba na mwana, jumla yao 512. Wapagazi wa msafara huo walizidi 200, na wengi wao wanapita katika kitabu kama mstari mrefu wa mizigo inayotembea.

Hemingway alifika Mombasa Desemba 1933 pamoja na mkewe Pauline na rafiki yao Charles Thompson. Gharama za safari zilitoka kwa amu yake Pauline, tajiri aliyetoa dola 25,000, nazo zilikuwa fedha nyingi mno katika miaka ile ambayo Wamarekani wengi walikosa kazi. Kiongozi wao alikuwa Philip Percival, mwindaji Mwingereza aliyekuwa na shamba huko Machakos. Waliwinda Tanganyika, katika mbuga za Serengeti, kando ya ziwa Manyara, na katika nchi iliyo mbele ya Babati. Kitabu kina sehemu nne, na kiu yake kubwa ni moja: mwandishi anataka kumpata tandala dume mwenye pembe ndefu kabla mvua hazijafunga barabara.

Kwa upande wa fani kitabu hiki kina sifa ambazo mhakiki mwadilifu hana budi kuzikiri. Katika dibaji mwandishi ametangaza kwamba amejaribu kuandika kitabu cha kweli tupu, ili aone kama kitaweza kushindana na kazi ya kubuni. Katika mambo ya moyo wake mwenyewe ametimiza ahadi. Hafichi wivu wake: kila apatapo mnyama, mwenzake, anayeitwa Karl kitabuni, hupata aliye mkubwa zaidi. Hata siku anaporudi kambini na furaha ya tandala wawili, anakuta pembe za tandala wa Karl zimezipita zake kwa mbali. Vile vile hafichi aibu ya kumjeruhi palahala asimpate, akajua kwamba fisi watammaliza. Tena kuna mahali anapokiri kwamba nchi huzeeka upesi wafikapo wageni, kwa maana hukata miti na kuichosha ardhi, hali wenyeji waliishi nayo kwa mapatano. Si waandishi wengi wa aina yake waliothubutu kusema hivyo.

Lakini tugeukie wahusika. Mbeba bunduki wake anaitwa M'Cola. Mfuasi wa nyayo hodari anaitwa Droopy, kwa sababu ya kope zake zilizolegea. Mwingine anaitwa Garrick, jina la mwigizaji wa Uingereza wa karne ya 18, kwa kuwa mwandishi aliona ana madaha ya jukwaani. Yafaa tuwe waangalifu hapa. Mkewe na Percival pia wamepewa majina ya utani, kwa hiyo lakabu peke yake si dharau. Tofauti ni kwamba Pauline na Percival walilijua jina walilopewa na waliweza kulijibu. Droopy na Garrick waliitwa kwa lugha wasiyoisoma, na majina waliyopewa na wazazi wao hatuyapati kitabuni. Watu waliosoma ardhi kama sisi tusomavyo ukurasa wameingia katika fasihi ya dunia bila majina yao.

Jambo hili linatufikisha kwenye lugha. Maneno ya Kiswahili yametapakaa kitabuni, nayo yameandikwa kama sikio la mgeni lilivyoyanasa. Dume ni "doumi," na mnyama jike ni "manamouki," yaani mwanamke. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza atacheka, kwa kuwa ajua kwamba mwanamke ni binadamu na wa mnyama ni jike. Lakini asicheke akaishia hapo. Kamati ya lugha iliyoundwa kusanifisha Kiswahili ilikuwa imekwisha kuanza kazi mwaka 1930, ila kambi za uwindaji zilikuwa na Kiswahili chao, cha amri na majibu mafupi: lete, piga, hapana, kidogo. Kwa maneno kama hayo mtu aweza kuagiza maji na bunduki. Hawezi kumwuliza M'Cola alikojifunza kazi yake, wala anaiona vipi kazi ya kumfuata mgeni aliyevuka bahari kwa ajili ya pembe. Ndiyo maana M'Cola wa kitabuni hucheka, hununa na hutikisa kichwa. Mwandishi anampenda, tena anatamani kusifiwa naye, lakini fikra zake anazikisia tu. Basi ile kweli tupu aliyoiahidi inaishia pale msamiati wake unapoishia.

Mwanzoni mwa kitabu yumo mgeni mwingine ambaye lori lake limeharibika njiani, naye anaitwa Kandisky. Huyu anashangaa kwamba mtu mwenye akili anapoteza siku zake akimfuata tandala. Yeye anapenda mazungumzo ya vitabu na ngoma za wenyeji. Aliyechorwa hapo ni Hans Koritschoner wa Austria, ambaye baadaye alijulikana kama Hans Cory, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Serikali ya Tanganyika. Aliandika juu ya sheria na mila za Wasukuma, na juu ya Buyeye, chama cha mafundi wa nyoka. Makaratasi yake yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tusimtukuze kupita kiasi, maana elimu yake iliwafaa pia watawala. Hata hivyo aliyejifunza kuuliza ametuachia habari za watu, hali aliyekuja na bunduki ametuachia zaidi habari za nafsi yake.

Wako wasemao kwamba vitabu vya namna hii havifai kuingia shuleni. Sikubaliani nao. Kitabu hiki ni shahidi, na shahidi huhojiwa. Mwalimu na awape wanafunzi sura moja ya msako wa tandala, waiandike upya kwa Kiswahili fasaha, msimulizi akiwa yule mfuasi wa nyayo. Watagundua mara moja kwamba wanahitaji maneno: majina ya nyasi, ya nyayo mpya na za jana, ya upepo unaomfichua mwindaji. Wasipoyajua itawabidi kuwauliza wazee, na hapo somo la fasihi litakuwa limefanya kazi yake.

Kazi hiyo si ngeni kwetu. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu kilichokusanywa na Mjerumani Carl Velten na kuchapishwa mwaka 1901, Salim bin Abakari anasimulia kwa Kiswahili safari yake ya Urusi na Siberia, akieleza nchi na watu aliowaona huko. Naye alikuwa mgeni, tena alifuatana na tajiri wake wa Ulaya, lakini kalamu ilikuwa yake na lugha ilikuwa yake. Wawindaji wetu hawakubahatika hivyo. Tangu amri za wanyama za Wajerumani za mwaka 1896 uwindaji ulianza kuwekewa vibali, na baadaye wenyeji wengi waliowinda kwa desturi zao wakaitwa majangili, hali mgeni mwenye fedha alipewa leseni na wa kumbebea bunduki. Ujuzi wao haukuandikwa, na wenye nao wanapungua kila mwaka. Methali yetu yasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji huyu hatapona kwa kumlaumu Hemingway peke yake. Yatupasa walimu na wanafunzi tuchukue daftari, twende vijijini, tuyaandike majina yao na elimu yao kwa lugha waliyoisema wenyewe.