Nyimbo za Michezo ya Watoto: Uhakiki Usiosikia Makofi

Wahakiki wa fasihi simulizi wamezoea kuzipa nyimbo za watoto nafasi finyu. Huainishwa haraka kuwa bembelezi au chekechea, kisha dhima zake huorodheshwa: kuburudisha, kuelimisha, kuonya. Maneno hunakiliwa, makofi, miruko na zamu za kuitikia huachwa uwanjani. Kasoro hii si ndogo, kwani katika michezo mingi ya aina hiyo maneno hayana maana yoyote ya kuchambuliwa, na faida yake kwa mtoto imo katika kile hasa kilichoachwa.

Masinga, katika Machakos, yafaa kuwa mfano. Katika Kikamba, wathi (wingi wake mbathi) ni wimbo, na ni ngoma pia. Mtafiti anayetenga maneno na mwendo wa mwili hutenga jambo ambalo lugha yenyewe imeliunganisha. Paul Kavyu, katika kitabu chake juu ya muziki wa Wakamba cha mwaka 1977, aliushughulikia muziki huo kama muziki. Wanafasihi hawakumfuata sana.

Mtoto wa miaka minne apigapo kofi kwa kila silabi hufanya uchambuzi wa lugha kabla hajajua herufi. Kikamba kina irabu saba, hutofautisha irabu fupi na ndefu, na ni lugha ya toni. Basi pigo likiongezwa au kupunguzwa, neno huharibika, na wenzake humcheka papo hapo. Hapana mwalimu mkali kuliko duara la watoto. Huko Uingereza, Bradley na Bryant walionyesha mwaka 1983 kwamba watoto wenye uwezo wa kubainisha sauti zinazofanana katika maneno huendelea vizuri zaidi katika kusoma. Utafiti wao ulihusu vina na sauti za Kiingereza, na haufai kuhamishwa mzimamzima hadi lugha yenye silabi wazi. Hata hivyo, njia waliyoielekeza ni ile ile ambayo mchezo wa makofi huipitia.

Hapo ndipo lilipo tatizo la nyimbo za kutafsiriwa. Tuni ya Kiingereza ikivishwa maneno ya Kikamba, mpando na mshuko wake hupingana na toni za maneno, na irabu fupi hurefushwa ili kujaza pigo. Mtoto huimba, hufurahi, lakini sikio lake halifunzwi lugha yake. Tume ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 lugha ya eneo itumike katika madarasa ya kwanza, na mtaala ulioanzishwa 2017 umeitambua pia. Lakini maneno ya Kikamba juu ya tuni ya kigeni ni utimizaji wa nusu tu wa shabaha hiyo.

John Blacking, katika uchunguzi wake wa nyimbo za watoto wa Kivenda (1967), alizihusisha tuni hizo na muziki wa ngoma kuu ya watu wazima, badala ya kuzichukulia kuwa vijimuziki vilivyorahisishwa. Je, michezo ya watoto wa Masinga inahusiana vivyo hivyo na kilumi na ngoma nyingine za wakubwa? Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa mikusanyo ya maneno matupu. Linahitaji kinasasauti, alama za toni juu ya kila silabi, na maelezo ya mkono upi uligonga upi.